Daftari la mtaroni

Nina kauntabuku moja hapa steshenari, linakaa chini ya mashine ya fotokopi, juu limeandikwa MAHUDHURIO kwa maka peni nyekundu. Ukifungua ukurasa wa kwanza kuna majina arobaini na moja. Wa pili umejaa pia, tena wengine wameandika mpaka saizi ya tisheti bila kuulizwa. Ukifika wa tisa majina ni saba, na kati ya hayo saba mtu mmoja kasaini mara mbili maana alisikia kuna posho akaona ajihami.

Hilo ndo daftari la kikundi chetu cha mazingira. Mtaa siutaji, wenyewe wakisoma watajijua, ila ni hapa hapa Moshi, upande wa bondeni, kule ambako mvua ikinyesha juu Uru au Old Moshi sisi tunapokea maji kabla hatujaona wingu. Mimi ni katibu. Msije mkadhani nilichaguliwa kwa hekima, nilichaguliwa kwa sababu nina kompyuta na printa na zilikuwa zinahitajika barua za bure. Miaka yote hii watu wananiuliza "hivi kile kikundi chenu kiliishia wapi", nawajibu kipo, wanacheka, basi nimeona niandike yote siku moja nipumzike kuulizwa.

Ilianza na moto. Oktoba 2020 mlima uliungua, waliokuwepo hapa mjini wanakumbuka, usiku ukitoka nje unaona mstari mwekundu kule juu kama mtu kachora na kalamu, mchana moshi mtupu, na siku zinaenda hauzimiki. Vijana wa Chuo cha Mweka walipanda, askari wa hifadhi walipanda, raia waliojitolea tu nao wakapanda, watu wanapiga moto kwa matawi mabichi kwenye baridi ile. Sisi huku chini tulikuwa tunapandisha status. Mpaka usiku mmoja kwenye grupu la mtaa, lile la misiba na "umeme umerudi kwenu?", mtu akaandika jamani na sisi tufanye kitu, mlima ndo unatunywesha huu. Zikaja emoji za makofi nyingi sana. Kesho yake tukakutana kwa mwenyekiti wa mtaa watu kumi na tano, na nikapewa ukatibu kabla sijakaa vizuri.

Halafu tukakaa mwaka mzima na zaidi tunabishana jina la kikundi. Siwatanii. Jina, katiba, nani asaini benki, kadi ya uanachama iwe na picha au isiwe na picha. Hapo katikati ikaingia habari ya ile mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, kwamba nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na kwamba kikundi kikisajiliwa tu hela inakuja, hapo ndo daftari lilipojaa. Walipokuja kuelewa kwamba kikundi chetu kimechanganyika wazee, vijana na kila mtu hivyo hakiingii fungu lolote, nilikuwa naangalia simu naona tu fulani ameondoka, fulani ameondoka, kama taa zinazimwa nyumba kwa nyumba.

Sasa kabla sijaendelea niseme kuhusu huu usafi wa Moshi, maana mgeni anaweza kujiuliza kikundi cha mazingira cha nini kwenye mji ambao Tanzania nzima unasifiwa kwa usafi. Na kweli ni msafi. Shuka stendi, tembea mpaka mnara wa saa, ganda la ndizi hulioni, na mtu wa Moshi akimaliza karanga zake ile karatasi anaitia mfukoni bila kufikiria, tumelelewa na kibao cha faini elfu hamsini. Lakini taka haiyeyuki mfukoni. Inafika nyumbani, inaingia kwenye kiroba, kiroba kinajaa, na uchochoroni kwetu gari la taka haliingii kwa sababu lori haliwezi kukata ile kona ya kwa fundi cherehani, kwaiyo ikifika saa tano usiku kiroba kinaijua njia ya mtaroni chenyewe. Kibao cha faini kiko katikati ya mji, mtaro uko nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba hamna mgambo.

Na mtaro wetu una safari. Unamwaga kwenye mto Rau, mto unashuka kuelekea kule kwenye msitu wa Rau, ule wenye mivule mikubwa na mbega weupe na weusi wanaruka juu, msitu ambao ni kiwanda kabisa cha maji, chemchemi kila mahali, halafu chini ya hapo ndo mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, yale ya mradi uliojengwa na Wajapani miaka ya 1980. Yaani tunachotupa sisi kinafika kwa mtu aliyesimama kwenye jaruba na gumboot anapandikiza mpunga, halafu mchele unarudi sokoni Mbuyuni tunaununua tunasema mchele wa Moshi mtamu. Hii ramani niliichora kwenye karatasi ya A4 nikaibandika ukutani hapa steshenari, na niwaambie ukweli ndo kitu pekee nilichowahi kufanya kama katibu kilichofanya watu wanyamaze.

Tukaanza na mtaro. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile siku ya usafi, tukashuka na majembe na makoleo. Nilidhani taka ni taka. Kumbe mtaro uliokaa muda mrefu una matabaka kabisa, ukichimba unasoma miaka. Juu kabisa pampasi na chupa za maji na vile vifuko laini vya kuonea ndani ambavyo vilikuja kama vifungashio watu wakavigeuza mifuko ya kubebea nyanya. Chini yake mchanga wa masika. Chini ya mchanga, rambo, ile mifuko ya plastiki. Rambo nyeusi, rambo za mistari ya bluu, zimelala zimebanana kama kurasa, hazijaoza hata kidogo, na hizo zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ukikutwa nayo tu faini inaanzia elfu thelathini. Kijana mmoja wa bodaboda akavuta moja ikatoka nzima ina jina la duka ambalo lilishafungwa, akasema "dada katibu hii ni ya enzi za Kikwete". Tulicheka lakini mimi nilikaa chini kidogo. Maana zile chupa za juu waokota makopo wanapita wanazichukua wenyewe, zina bei skrepa, zile zinapungua. Rambo zinabaki kwa sababu hazina mnunuzi. Na pampasi hazina mnunuzi.

Pampasi nitazizungumzia kidogo, mnisamehe mnaokula. Zilikuwa nyingi kuliko kitu chochote. Wanaume wa kikundi wakaanza yale maneno ya "kina mama wa siku hizi", nikawaambia subirini, tukaenda kuuliza. Nilienda mimi na mama mmoja muuza vitumbua, nyumba za wapangaji, vyumba sita choo kimoja. Binti mmoja ana mtoto wa miezi minane akaniambia dada, chooni siwezi kutupa, shimo likijaa mwenye nyumba ananifukuza. Kuchoma siwezi, ukichoma pampasi mtoto anababuka matako. Kiroba nikiweka mlangoni mbwa wanaleta vita. Sasa niambie wewe niweke wapi. Sikuwa na jibu. Hiyo ya kubabuka mama yangu mwenyewe anaiamini, na mimi nimelea wawili na sikuwahi kuchoma hata moja, kwaiyo ningesimama nimfundishe nini?

Tulichofanya mwishowe ni kidogo tu. Pipa moja lenye mfuniko kwenye barabara pale ambapo lori linafika, na kijana mwenye guta anapita uchochoroni Jumanne na Ijumaa, kila nyumba mia tano kwa wiki, hata zile pampasi anazichukua na kiroba chake. Inaenda kwa kusuasua. Kuna wiki guta lina pancha, kuna nyumba zinadaiwa mia tano za miezi mitatu na ukiwadai wanakwambia katibu mbona umekonda. Lakini mtaro kwa sasa pampasi zimepungua, mtu yeyote aje aangalie.

Haya, sasa nije kwenye miti, maana hapo ndo aibu yenyewe ilipo.

Tulipanda Aprili 2022, wiki ya tarehe 1, siku ya kitaifa ya kupanda miti. Hesabu yetu ilikuwa kwamba wiki hiyo mgeni rasmi atapatikana kirahisi, kumbe wiki hiyo wageni rasmi wote nchi nzima wako bize, tulimsubiri mpaka saa sita na nusu jua limesimama kichwani na miche imelala. Miche mia mbili ya bure, tulipewa. Tisheti za kijani arobaini. Maji ya chupa katoni sita. Kila mtu akapanda miche yake kando ya mto, akapigwa picha, na mgeni rasmi alipanda mche wake halafu akanawa mikono kwa maji ya chupa juu ya ule mche, jambo ambalo mwenyekiti alilisifu kama umwagiliaji.

Saa tisa watu wametawanyika, mimi na yule muuza vitumbua tumebaki tunakusanya viti vya kukodi. Nikageuka nikaangalia ule ukingo. Viriba. Vile vifuko vyeusi vya miche, mia mbili kasoro, vimetupwa pale pale kila mtu alipopandia, na chupa za maji zimelala kwenye majani, upepo umeanza kuvisukuma mtoni kimoja kimoja. Sisi kikundi cha mazingira. Tuliviokota wawili mpaka magharibi na hakuna aliyepiga picha, na bora.

Wiki ya tatu miche ikaanza kutoweka. Mingine imetafunwa, hiyo ilieleweka, mbuzi ni mbuzi. Lakini kuna kipande kama hatua hamsini hivi miche ilikuwa imeng'olewa na mkono, mizizi na kila kitu, imepangwa vizuri pembeni kama kuni. Na pale jirani kabisa kuna mzee analima mchicha na magimbi ukingoni, miaka mingi, kila mtu anamjua, mboga zake nusu ya mtaa tunakula. Kikao cha dharura. Mtu mmoja kwenye kikundi, amesoma huyu, akatuletea sheria ya mazingira ya 2004, kwamba ndani ya mita sitini kutoka mtoni hairuhusiwi shughuli za kudumu za binadamu, na akasema huyu mzee mvamizi na muharibifu aandikiwe. Watu wakapiga makofi. Barua nikaichapa mimi. Nakumbuka mpaka fonti. Nikaweka "kuhujumu juhudi za jamii", nikaona sentensi imekaa vizuri, nikapiga muhuri, nakala kwa mtendaji, nakala kwa ofisi mbili zingine.

Kuna bibi anakaa kona, ana miaka themanini na kitu, hakuwa mwanachama, alikuwa anakuja tu kwenye vikao kwa sababu vilikuwa barazani kwa jirani yake na anapenda kusikia. Aliposikia habari ya barua akaniita.

"Mmemwandikia meku yule barua?" Meku ni mzee kwa Kichaga.

"Ndiyo bibi."

"Mkapiga na muhuri?"

"Ndiyo."

"Mlishaenda kwake kumuuliza?"

Nikanyamaza.

"Nani ameandika?"

Wote waliokuwepo wakaniangalia mimi, hata yule msomi, na yeye ndo alikuwa ananisomea maneno ya kuchapa.

Bibi hakugomba. Aliingia uani kwake, akarudi na jani la isale. Kwa wasiotoka huku niwaeleze haraka: isale ni ule mmea wa majani marefu mnaouona umezunguka vihamba vyote mlimani, yaani mashamba ya ukoo, ndo mpaka wa Mchaga, na mpaka wa masale hausogezwi, watu wanaweza kugombana hadi mahakamani lakini mkono wa kung'oa isale la mwenzio ni mkono mzito sana. Tena isale ndo linabebwa ukienda kuomba msamaha. Ukimkosea mtu ukamwendea na isale, kukataa ni ngumu, anayekataa anabaki na lake. Bibi akanipa lile jani mkononi, akasema kwa sababu kidole kilichoandika ni chako utabeba wewe, na mnunue mbege, ile pombe ya ndizi, msiende mikono mitupu kama polisi.

Tukaenda Jumapili baada ya misa. Mimi na isale, mwenyekiti na dumu la mbege la lita tano, bibi mbele na mkongojo. Yule msomi hakuja. Mzee alitukuta tumesimama mlangoni, akaliangalia lile jani muda mrefu, akauangalia na mkono wangu unavyotetemeka, akalichukua. Akaita mjukuu alete viti. Tukaanza kunywa mbege kimya kimya, na katikati ya kimya kile akasema:

"Ile miche mlipoipokea, hamkunusa?"

Hatukuelewa.

"Jani. Mngelikamua jani moja mkanusa. Mmepanda mikaratusi kando ya mto nyie watoto, mnataka mto unywewe? Mimi nimeng'oa mikaratusi tu. Mingine sikuigusa, mingine ni mbuzi."

Jamani. Mikaratusi. Mti ambao mtoto yeyote wa mlimani anajua haupandwi kwenye maji kwa sababu unavuta maji kama mlevi, na sisi tumeupanda na spika na mgeni rasmi. Miche ya bure huwa haichaguliwi, tuliipokea ikiwa mifupi ya kiganja, hakuna kati ya watu arobaini wenye tisheti aliyejua mkaratusi ukiwa mtoto unafananaje, wala aliyewaza kukamua jani. Mzee alikuwa ameiweka ile miche pembeni, akaimwagilia mpaka ikachoka yenyewe kwa kukosa shimo, alikuwa anategemea tutakuja kuuliza. Tukaja na barua.

Barua niliifuata ofisi zote tatu kuiondoa. Ofisi moja walikuwa hawajaifungua.

Baada ya hapo mzee ndo akawa bwana shamba wetu, bila cheo. Akatutembeza ukingo mzima, hapa patalika na maji, hapa panataka matete kwanza yashike udongo, hapa mkuyu utakubali, hapa mringaringa ukae mbali kidogo na mchicha wangu. Na wazo la masale ni la bibi: kabla ya mti wowote pandeni masale, mstari mmoja, kutoka kwenye daraja la miti mpaka kwenye kona. Isale unakata kipande unachomeka, halina kiriba, halina mgeni rasmi, tulipanda mstari mzima asubuhi moja. Upande wa mto ni wa miti, upande wa huku ni wa mzee na wengine watatu wanaolima. Wenye mbuzi wakaja wenyewe kuuliza huo mpaka ni wa nini, wakaambiwa, na kuanzia hapo mbuzi wakaanza kufungwa kamba. Sijui kama waliogopa isale au walimwogopa bibi.

Hapa lazima niwe mkweli, yule msomi aliondoka kikundini kwa sababu ya huu mstari, na hoja yake sijawahi kuipangua. Alisema sheria inasema mita sitini, nyie mmechora mpaka hatua kumi na mbili kutoka kwenye maji halafu mmeuita mila, mmehalalisha uvamizi. Ni kweli. Ukipima mita sitini na kamba unaondoa mchicha wa mzee, unaondoa vibanda viwili na nusu ya nyumba ya mwenyekiti wetu. Mimi jibu langu ni kwamba hatua kumi na mbili zenye miti ni nyingi kuliko mita sitini zenye barua, lakini najua hilo ni jibu la mtu aliyekwisha kunywa mbege ya mzee. Tunasalimiana naye. Huwa ananiletea kazi za kuprinti.

Kilichobaki ni maji. Kupanda kila mtu anapenda, kumwagilia hakuna picha. Vuli ya mwaka huo mvua ilikuwa ya kuhesabu matone, halafu Desemba ikaja na mnaijua Desemba ya Moshi, watu wanashuka kutoka Dar na kila mahali kuja kuhesabiwa, magari, nyama, vinywaji, taka za mwezi mmoja zinazidi za miezi minne, na tarehe tatu Januari wote wameondoka na jua linabaki na sisi. Januari ile tulikuwa watu wanne na madumu. Wanne. Nikimwagilia upande huu, upande ule majani yanakunja.

Bibi tena. Akauliza mtu asipokuja Jumamosi mnamfanya nini? Nikamwambia hatumfanyi kitu bibi, hii ni kujitolea. Akacheka mpaka akakohoa. Akasimulia enzi za mfongo, ile mifereji ya maji iliyochimbwa kutoka juu mlimani inapita kihamba kwa kihamba, kwamba siku ya kuusafisha pembe ikipigwa ukoo mzima unatoka, ni msaragambo, kazi ya pamoja, na asiyetoka hapigwi wala hasemwi, analeta mbege ya waliotoka, halafu anakaa nao wanamwangalia akiwamiminia. Babu yangu naye alikuwa anasimulia hivyo hivyo, mimi nikiwa mdogo nikidhani ni stori ya pombe tu.

Mbege tukaona itatuletea mambo mengine. Tukaweka maji. Ukikosa Jumamosi ya mtaro unadaiwa madumu mawili kwenye miti, lita ishirini ishirini, ndani ya wiki hiyo, kwa muda wako. Hakuna wa kukusimamia. Naandika tu kwenye daftari, ukurasa wa nyuma, jina na "2". Nilidhani watacheka. Jioni ya Jumatano nikiwa nafunga duka nikamuona fundi cherehani anapita uchochoroni na madumu mawili kichwa chini kama anaenda kuiba. Alhamisi bodaboda kayafunga kwenye siti ya nyuma. Kuna mama akamtuma kijana wake wa sekondari, kijana akaniuliza hivi ni adhabu, nikamwambia ni deni. Ile miti ya karibu na daraja naamini imekuzwa na wakosaji zaidi kuliko wahudhuriaji, na wahudhuriaji wenyewe wameanza kulalamika kwamba wanaokosa wanafaidi kwa sababu jioni mtoni kuna kaubaridi.

Masika ya 2024 mnayakumbuka, Aprili ile mvua ilivyopiga Moshi, watu walipoteza ndugu na nyumba, siwezi kuandika hapa kama stori ya miti. Kwetu maji yalipanda usiku. Asubuhi tulikuta miti kumi na moja imeenda, matete yamelala yote upande mmoja kama nywele zilizochanwa, mchicha wa mzee haupo kabisa, tope tupu. Masale yalikuwa yamesimama, yamejaa vitambaa na, ndiyo, pampasi za mitaa ya juu yetu. Mzee alikuwa ameshafika kabla yetu, anayatoa yale matambara kimoja kimoja. Hakusema kitu, akanielekeza na kidevu nianzie upande ule.

Mitaa ya juu yetu. Hilo ndo linanikosesha usingizi siku hizi. Sisi tuko juu ya watu wa mpunga lakini kuna watu juu yetu, na wao wana mtaro wao na kona yao ambayo lori haliingii. Mwezi jana tumeenda kuwatembelea, watu watatu, bila barua. Niliacha muhuri nyumbani kwa makusudi. Wametukaribisha chai, wamesema watafikiria. Mmoja akauliza kama kuna posho.

Basi. Jumamosi hii ni ya mwisho wa mwezi, tunaanza saa moja kamili asubuhi pale kwenye pipa. Majembe yapo matatu, la tatu mpini umelegea kwaiyo atakayewahi asilichukue hilo. Mwenye kiriba chochote nyumbani aniletee hapa steshenari, nina gunia zima nimeviosha, mzee anavitumia tena kuoteshea mikuyu. Na fundi cherehani, kama unasoma hii, ukurasa wa nyuma una jina lako mara mbili. Ni madumu manne, kaka.